Mlango wa Pili wa Bauhaus

Ipo picha ya mwaka 1926 ambayo hurudiwa katika vitabu vingi vya historia ya sanaa. Watu 13 wamesimama juu ya paa la jengo jipya la shule mjini Dessau, Ujerumani. Hao ni walimu wa Bauhaus. Wamo wachoraji ambao majina yao yanajulikana dunia nzima, Paul Klee na Wassily Kandinsky. Yumo Walter Gropius, msanifu majengo aliyeianzisha shule hiyo. Yumo pia kijana Marcel Breuer, mbunifu wa viti vya mabomba ya chuma. Wa pili kutoka mkono wa kulia ni mwanamke. Ni yeye peke yake. Anaitwa Gunta Stölzl.

Niliwahi kuwaonyesha wanafunzi wangu picha hiyo katika kipindi cha insha, nikawaomba waandike sentensi tano juu ya kile wanachokiona. Mmoja wao aliandika kwamba hiyo ilikuwa shule ya wavulana. Sarufi yake haikuwa na dosari, na kwa ushahidi aliopewa hoja yake ilikuwa ya haki. Hata hivyo alikosea. Katika muhula wake wa kwanza, mwaka 1919, Bauhaus iliandikisha wanawake 84 na wanaume 79. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza namna ya kuwaeleza wanafunzi jinsi shule iliyoanza na wasichana wengi kuliko wavulana ilivyofikia kupigwa picha ile miaka saba baadaye.

Tuanze na mahali na wakati. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Ujerumani ilikuwa imeshindwa na mfalme wake amekimbilia Uholanzi. Mwezi Januari 1919 wanawake wa nchi hiyo walipiga kura katika uchaguzi wa taifa kwa mara ya kwanza. Bunge lililochaguliwa lilikutana katika mji mdogo wa Weimar, ndani ya jumba la maonyesho ya tamthilia, likatunga katiba mpya. Katiba hiyo ilitamka kwamba wanaume na wanawake wana haki na wajibu ule ule wa kiraia kimsingi. Litazame neno hilo la mwisho. “Kimsingi” ni neno la heshima, lakini ni neno linaloacha dirisha wazi.

Katika mji huo huo, mwezi Aprili mwaka huo huo, Gropius aliunganisha chuo cha sanaa na shule ya ufundi, akaunda shule moja na kuiita Bauhaus. Fikra yake ilikuwa ya kimapinduzi. Alitaka kuuvunja ukuta uliomtenga msanii na fundi, ili mchoraji, seremala, mfinyanzi na mfumaji wajifunze chini ya paa moja na wajenge pamoja. Tangazo la shule lilisema kwamba mtu yeyote mwenye sifa njema na elimu ya kutosha angepokelewa bila kujali umri wala jinsia, maadamu nafasi ipo. Katika hotuba yake ya mwanzo kwa wanafunzi, Gropius aliahidi kwamba hapatakuwa na tofauti kati ya wanawake na wanaume. Haki zitakuwa sawa na kazi zitakuwa sawa.

Wasichana walimwamini. Walitoka kila upande wa nchi na hata nje ya mipaka yake. Baadhi yao walikuwa wamewauguza majeruhi vitani, na Gunta Stölzl, mzaliwa wa Munich, alikuwa mmoja wa hao. Walikuwa wamekwisha kuona damu na vifo. Hawakwenda Weimar kujifunza kutarizi vitambaa vya meza.

Kisha kikaja kikao. Mwaka 1920 Gropius aliwaeleza walimu wenzake kwamba idadi ya wanawake imezidi mno, na kwamba uchujaji uwe mkali tangu mlangoni, hasa kwa jinsia hiyo. Wale watakaopita waelekezwe kwenye ufumaji, ufinyanzi au ujalidi wa vitabu. Lakini ufinyanzi nao haukuwataka: karakana yake ilikuwa Dornburg, mbali kidogo na Weimar, na mwalimu wake, Gerhard Marcks, alikubaliana na Gropius kwamba wanawake wasipokelewe huko ikiwezekana. Karakana ya ujalidi ilifungwa mwaka 1922. Ukifanya hesabu, utaona kilichobaki. Ulibaki ufumaji, na karakana ile ikajulikana kwa muda kama darasa la wanawake.

Hapa niruhusu nisimame kama mwalimu wa lugha. Historia za Bauhaus hupenda kusema kwamba wanawake “walielekezwa” kwenye ufumaji. Hiyo ni kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa ina ustadi mmoja wa hatari: humruhusu mtenda aondoke katika sentensi bila kuaga. Walielekezwa na nani? Hakuna sheria iliyopitishwa wala tangazo lililobandikwa ukutani. Tangazo la mwaka 1919 halikubatilishwa, wala katiba haikuguswa. Watu wachache waliketi kuzunguka meza, wakakubaliana, na kumbukumbu za kikao zikaandikwa. Msichana aliyefika mwaka 1922 alikuta mlango wa shule uko wazi kama ulivyoahidiwa. Mlango wa pili, ule wa karakana, ndio uliokuwa umefungwa, na hakuna aliyemwambia kwamba ulifungwa kwa makusudi.

Nakiri kwamba jambo hili linanigusa kwa sababu yangu mwenyewe. Katika shule niliyosoma, wavulana walikwenda useremala na wasichana walikwenda ushonaji. Sikumbuki kanuni yoyote iliyotulazimisha. Ilikuwa tu kwamba orodha zilipobandikwa, majina yetu tayari yalikuwa yamekaa kila jinsia na chumba chake, na hakuna aliyeuliza.

Kwa nini Gropius aligeuka? Shule yake ilitegemea fedha za serikali ya jimbo na ilikuwa na maadui waliotafuta kila sababu ya kuifunga. Hofu iliyokuwapo ni kwamba wanawake wakijaa, watu watasema hapo ni mahali pa kutengenezea mapambo. Lugha zetu nazo zinaijua hofu hiyo: kazi ikifanywa na wanaume huitwa taaluma, ikifanywa na wanawake huitwa kazi za mikono. Nami siwezi kumwona Gropius kuwa mnafiki mtupu. Naona aliiamini ahadi yake hadi siku ilipoanza kumgharimu.

Sasa tuingie katika karakana yenyewe. Mwalimu wa sanaa aliyepewa kuisimamia, Georg Muche, alikuwa mchoraji asiyefuma. Mbinu za mtambo hakuweza kuzifundisha, kwa hiyo wanafunzi walijifundisha wenyewe. Kwa msomaji asiyezoea msamiati wa kazi hii: nyuzi zinazotandazwa kwa urefu juu ya mtambo huitwa mtande, na zile zinazopitishwa kwa upana katikati yake huitwa mshindio. Kila kitambaa ulichowahi kuvaa, kama kilifumwa, ni mapatano ya mtande na mshindio. Wasichana wa Weimar walijua hivyo tu na zaidi kidogo. Mwaka 1922 Gunta Stölzl na mwenzake Benita Otte walikwenda mji wa Krefeld kusomea utiaji rangi nyuzi, wakarudi wakawafundisha wengine. Shule iliyojisifu kwa kufundisha ufundi ilipata ufundi huo kutoka kwa wanafunzi wake.

Kabla ya hapo, mwaka 1921, Stölzl alikuwa ameshirikiana na Breuer kutengeneza kiti kirefu cha mbao zilizochongwa na kupakwa rangi, naye akafuma kitambaa moja kwa moja juu ya fremu yake. Walikiita kiti cha Kiafrika. Uafrika wake ni wa kubuni, ndoto ya Ulaya ya zama zile. Kwa muda mrefu kiti hicho kilijulikana kwa picha tu, hadi kilipojitokeza tena mwaka 2004. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha wazi jambo ambalo viti vya baadaye vinalificha. Katika kiti kile, mbao na uzi vimeshikana kiasi kwamba huwezi kumtaja fundi mmoja bila mwenzake. Lakini tazama viti maarufu vya mabomba ya chuma alivyovibuni Breuer tangu mwaka 1925. Dunia inavijua kwa jina lake. Chuma hicho kinachong’aa hakikaliwi. Kinachokaliwa ni kitambaa kilichokazwa baina ya mabomba. Huko Dessau, mfumaji Margaretha Reichardt alifanya kazi ya kuuboresha uzi mgumu wa pamba iliyotiwa nta ili kitambaa kihimili uzito wa mtu bila kulegea. Mkaaji hubebwa na mikono ya mwanamke ambaye jina lake halijui.

Shule ilihamia Dessau mwaka 1925. Stölzl alipewa usimamizi wa mafunzo ya ufundi, lakini Muche alibaki juu yake. Mwaka 1926 wanafunzi wa ufumaji waliasi, hawakumtaka tena. Mwaka 1927 Stölzl akakabidhiwa karakana nzima, mwanamke wa kwanza kufikia ngazi hiyo katika Bauhaus. Chini yake karakana iliacha kutazama kitambaa kama picha ya kutundikwa, ikakichunguza kama nyenzo. Waliuliza kitambaa kinaweza kufanya nini: kuzuia sauti, kurudisha mwanga, kustahimili jua. Karakana hiyo ikawa miongoni mwa zile zilizoiingizia shule fedha kwa bidhaa zilizonunuliwa viwandani.

Mfano ninaoupenda ni wa Anni Albers. Alizaliwa Berlin mwaka 1899 na kuingia Bauhaus mwaka 1922. Alitaka karakana ya kioo. Ufumaji aliuona ni kazi laini mno, akauchukua kwa sababu hakukuwa na pengine. Kazi yake ya kuhitimu ilikuwa kitambaa cha kufunika kuta za ukumbi wa shule ya vyama vya wafanyakazi huko Bernau. Ukumbi ulikuwa na mwangwi. Albers alifuma kitambaa chenye pamba upande wa nyuma ili kimeze sauti, na selofani upande wa mbele ili kirudishe mwanga. Mwaka 1933 yeye na mumewe, Josef Albers, walihamia Marekani, na mwaka 1949 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York lilifanya maonyesho ya kazi zake, yakiwa ya kwanza huko kwa msanii wa nguo aliyeonyeshwa peke yake.

Najua wapo watakaosema: basi ilikuwa heri, mlango mmoja ulifungwa na mwingine ukafunguliwa. Simulizi hiyo ni tamu na nimewahi kuifundisha. Siku hizi siifundishi tena. Akina Stölzl walifanya makubwa katika chumba walichosukumiwa, lakini sifa hiyo ni yao. Aliyewasukuma hana fungu ndani yake. Wala hatuna namna ya kuyaona majengo ambayo baadhi yao wangeyabuni na vioo ambavyo Anni Albers angevikata. Tunahesabu kilichofumwa kwa sababu kipo.

Tena kuna aliyepita ule mlango wa pili, naye hutuonyesha ulikuwa na uzito gani. Marianne Brandt, mzaliwa wa Chemnitz, aliingia karakana ya metali mwaka 1924 kwa kuungwa mkono na mwalimu László Moholy-Nagy. Baadaye alisimulia kwamba wenzake wa kiume hawakumpokea kwa furaha. Waliona karakana hiyo si mahali pa mwanamke, nao walionyesha hivyo kwa kumpa kazi za kuchosha zisizo na maana. Alizifanya. Mwaka huo huo wa 1924 alitengeneza buli dogo la chai lenye umbo la nusu tufe, na mpini wa mti mweusi mfano wa mpingo. Hakuna pambo hata moja juu yake. Baadaye alibuni taa zilizotengenezwa viwandani, na mwaka 1928 alikaimu uongozi wa karakana ile ile iliyomwona hafai. Buli lile sasa limo katika majumba makubwa ya makumbusho, na hutajwa kuwa moja ya alama za Bauhaus nzima.

Siasa haikuwaacha. Stölzl aliolewa mwaka 1929 na Arieh Sharon, mwanafunzi wa usanifu majengo, Myahudi aliyetoka Palestina, na kwa ndoa hiyo akapoteza uraia wake wa Ujerumani. Chuki ndani na nje ya shule ilimlazimisha kuondoka mwaka 1931. Alikwenda Zürich, akafungua karakana yake ya ufumaji, akaishi huko hadi kifo chake. Shule yenyewe ilihamia Berlin mwaka 1932 na kufungwa mwaka 1933, Wanazi walipotwaa madaraka.

Otti Berger, aliyesaidia kuiongoza karakana ya ufumaji baada ya Stölzl, alikuwa na usikivu hafifu na vidole vyenye maarifa ya ajabu. Aliandika kwamba kitambaa sharti kieleweke kwa kuguswa. Alikuwa miongoni mwa wafumaji wachache sana waliodai na kupata hataza kwa vitambaa vyao, yaani hati ya serikali inayothibitisha kwamba uvumbuzi huu ni wa mtu fulani na si wa mwingine. Kwa kuwa alikuwa Myahudi, alizuiwa kufanya kazi Ujerumani. Alikwenda London. Kisha akarudi kwao, katika kijiji ambacho leo kimo Kroatia, kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Viza ya kwenda Marekani, alikoitwa kufundisha, haikupatikana. Aliuawa Auschwitz mwaka 1944. Friedl Dicker, aliyesoma Weimar tangu mwaka 1919, alifungwa katika geto la Terezín, na humo akawafundisha watoto kuchora kwa mbinu alizojifunza Bauhaus. Kabla hajachukuliwa aliacha masanduku mawili yenye michoro ya watoto hao, karibu 4,500. Naye aliuawa Auschwitz, mwezi Oktoba 1944.

Nimemwacha wa mwisho Lucia Moholy kwa sababu kisa chake kinahusu jina, na kwa maoni yangu jina ndiyo kiini cha habari hii. Lucia alizaliwa Prague mwaka 1894. Alikuwa mpiga picha, na mke wa Moholy-Nagy. Hakuajiriwa na shule. Hata hivyo, sura ya Bauhaus iliyomo akilini mwa watu, yaani yale majengo meupe ya Dessau, mabuli, taa na nyuso za walimu, kwa sehemu kubwa ni sura aliyoipiga yeye kati ya mwaka 1924 na 1928. Buli la Brandt wengi wamelijua kwa jicho la Lucia.

Mwaka 1933 mwenzi wake wa wakati huo, mbunge mkomunisti, alikamatwa nyumbani kwake. Lucia alikimbia bila kubeba vitu vyake. Aliacha negativu 560 hivi, nazo zilikuwa za kioo, vibao vizito ambavyo picha zilisafishwa kutokana navyo. Alifika London, akaishi kwa kupiga picha na kufundisha, na mwaka 1939 akachapisha kitabu kuhusu miaka 100 ya upigaji picha. Alidhani vibao vyake vimeteketea vitani. Kumbe vilikuwa mikononi mwa Gropius, ambaye alikuwa amevipeleka Marekani. Mwaka 1938 maonyesho makubwa ya Bauhaus yalifanywa New York na kitabu chake kikachapishwa, kikiwa na picha zake nyingi. Jina lake halikuandikwa chini yake. Kitabu hicho kiliijenga sifa ya shule ng’ambo ya bahari, wakati yeye alikuwa mkimbizi London akitafuta kazi, na ushahidi wa ustadi wake ulikuwa kwa mtu mwingine.

Alipogundua mambo yalivyokuwa aliandika barua. Gropius alijibu kwamba vibao hivyo vilimfaa sana katika mihadhara yake. Ikabidi Lucia amtumie mwanasheria. Mwaka 1957 alirudishiwa 230. Zilizobaki hakuzipata, ingawa alikuwa ameweka orodha yake tangu zamani, kibao kwa kibao.

Gunta Stölzl na Marianne Brandt walifariki wote wawili mwaka 1983, mmoja Uswisi, mwingine Ujerumani Mashariki. Katika mwaka huo huo Lucia Moholy, akiwa anakaribia umri wa miaka 90, alichapisha makala katika jarida la upigaji picha la Uingereza. Kichwa chake kilihusu negativu zilizopotea, na chini yake palikuwa na jina lake.